Albamu ya Kwanza ya Wapi?

Naondoka Jumamosi. Mabegi yamefungwa, mkeka nimeukunja, na chumba changu hapa mtaa wa Xiaobei kimekuwa kikubwa kuliko nilivyokijua miaka yote. Mvua ya Guangzhou inanyesha ile yake isiyo na haraka, na mimi nimekaa dirishani nawaandikia nyinyi mnaobaki kwenye ofisi yetu ya mizigo. Siku ya chai ya kuniaga mliniomba niwasimulie kazi, nikasema sina maneno. Maneno nilikuwa nayo, ila mdomo ulikuwa umejaa sambusa.

Nina ombi pia, nalisema mapema msije mkadhani nimewazungusha. Jumapili asubuhi duka la CD la Ayi Huang, kwenye kichochoro nyuma ya barabara ya Yide Lu, litahitaji mtu wa kuunyanyua mlango wake. Ni mlango wa chuma wa kuvuta juu, mzito, na mkono wa kushoto wa Ayi hauna nguvu tena. Mimi nimeunyanyua kila asubuhi kabla ya kuja kazini, na ndiyo maana mara nyingi mlinikuta na kutu kwenye vidole. Asipopatikana mtu, binti yake atamchukua akaishi naye Foshan na duka litafungwa. Namna jambo hili lilivyoniangukia mimi ndiyo sehemu ya kazi yangu ninayoijua vizuri zaidi, kwa hiyo nitasimulia hiyo. Kuhusu vyeo nilivyopata na lini, muulizeni mwenye ofisi. Mimi sikumbuki, na yeye anajidai hakumbuki.

Siku yangu ya kwanza niliingia jengo la Tianxiu nikiwa nimevaa baibui la safari na viatu vya harusi ya dada yangu, kwa kuwa niliambiwa nakwenda kufanya kazi ofisini. Nikapewa kisu, selotepu, kalamu ya wino mzito na mizani. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Mtanga mmoja mpole, mnene, anayeongea kama mtu anayebembeleza mtoto. Alinifundisha mambo mawili tu, na yote mawili mtayakuta huko mbele. La kwanza, mzigo ni umbo na uzito, jina lake ni shauri la mwenyewe. Kikubwa kizito chini, chembamba chepesi juu, basi. La pili, kila kitu unachokichukua dukani andika kwenye daftari umekitoa rafu ipi, ili mwenye mali akikikataa ujue pa kukirudishia. Jioni miguu ilikuwa imevimba, viatu nikavibeba mkononi.

Miaka mingi nilifunga vyombo, madaftari, nywele za bandia, midoli na taa za ukutani. Halafu siku moja kukaja oda ya muziki. Mama Farida, mwenye duka la vifaa vya shule pale Kariakoo ambaye mnamfahamu kwa sauti zake za simu, alikuwa ametenga kona ya kuuzia vitu vya makundi ya waimbaji wa Korea, maana wasichana walikuwa wanakuja kununua kalamu moja na kuuliza CD kumi. Akaagiza albamu kamili kumi za kundi fulani. Nikaulizia Yide Lu, duka baada ya duka nikajibiwa "mei you", yaani hakuna, neno la kwanza la Kichina ambalo kila mmoja wetu hulijua. Mwisho muuza midoli mmoja akanyosha kidole juu ya ngazi.

Juu ya ngazi kulikuwa na chumba kirefu chembamba, na mama mmoja wa makamo amekaa kwenye kigoda akisikiliza wimbo kwa sauti ndogo sana. Hapa mwanamke wa rika la mama huitwa ayi, kama sisi tunavyosema shangazi, basi nikamwita hivyo na hakuniuliza jina langu mpaka mwezi wa pili. Nikamwonyesha jina la kundi. Alipoinuka kutafuta, mimi nikaona boksi kubwa la kundi lile lile, kubwa kama mkebe wa biskuti, nikaliinua, likanijaa mikononi. Nikasema hizi hapa, nipe kumi. Alinitazama akataka kusema kitu. Mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi mzigo, nikalipa nikaondoka.

Baada ya wiki chache sauti ya Mama Farida ikaingia kwenye simu. "Da Zuhura, watoto wamenijia juu hapa dukani. Wanasema nimewauzia mini, wao walitaka albamu kamili. Mimi hata sijui mini ndiyo nini. Boksi lenyewe kubwa hivi, hiyo kamili itakuwa kabati?"

Nikarudi juu ya ngazi na boksi kwapani. Ayi Huang hakunicheka, na hilo ndilo lililonifanya nirudi tena na tena. Alilifungua boksi akatoa kitabu cha picha, kadi, bango lililokunjwa, stika, na chini kabisa kijisahani chenyewe cha CD. Akahesabu nyimbo kwa kidole, zikafika sita. Akaniambia pole pole, kwa sababu Kichina changu kilikuwa cha bei na maboksi tu: "Wewe umenunua uzito."

Kuanzia hapo akanifundisha, na kwa kuwa wengi wenu bado mnakosea hapo hapo, nitayaandika. Kwa Wakorea, karibu kila muziki unaotiwa kwenye boksi ni albamu. Ukiwa na nyimbo mbili tatu huitwa albamu ya singo, zikiwa nne mpaka sita saba ni mini-albamu, zikizidi ni albamu kamili, na kila aina ina namba zake. Singo tupu kwao mara nyingi ni wimbo unaotolewa mtandaoni tu, hauna boksi wala uzito, hauwezi kumfikia mtu wa mizigo kama mimi. Halafu wana ile albamu inayovishwa upya: baada ya wiki kadhaa albamu ile ile inarudi na nyimbo mbili tatu za nyongeza na sura mpya, na haipewi namba mpya.

Kwa Wajapani mambo ni mengine. Singo kwao ni kitu cha kushika mkononi. Ina wimbo mmoja mkuu na nyimbo za kuusindikiza, na hata zikifika nne, hata wakiongeza muziki mtupu usio na mwimbaji, bado ni singo. Mimi nililielewa hilo kwa harusi za kwetu: wapambe wakijaa ukumbi mzima, harusi ni ya bibi harusi mmoja. Na singo hiyo moja hutoka siku moja na mavazi matatu, aina A yenye video, aina B yenye wimbo mwingine wa kusindikiza, na ile ya kawaida. Albamu huja baadaye, ikakusanya singo zilizotangulia pamoja na nyimbo mpya chache. Hata kwenye orodha zao za mauzo singo huhesabiwa peke yake na albamu peke yake, wakati Wakorea huzipanga CD zote pamoja kama albamu. Kwa hiyo CD mbili zenye nyimbo nne nne, moja ni albamu na moja si albamu, na hakuna anayedanganya.

Ayi alikuwa amelipanga duka lake kwa kanuni hiyo. Ukuta wa dirishani ulikuwa Korea: kila kundi na sehemu yake, albamu kamili kwa namba zake, ile iliyovishwa upya ikilala ubavuni mwa mama yake, kisha mini, kisha albamu za singo. Ukuta wa ngazini ulikuwa Japani: singo rafu za juu kwa kufuata zilivyotoka, albamu rafu za chini. Na kundi la Korea likienda kuimba Kijapani, CD zake za huko zilikwenda ukuta wa ngazini, zikaanza upya namba moja. Nilimuuliza kwa nini anawatenganisha watu na ndugu zao. Akasema mtu akihamia kwa watu anahesabiwa kwa hesabu ya huko. Nikamwambia hata kwetu husema ukienda kwa wenye chongo nawe fumba jicho. Akafumba jicho moja, akakaa nalo hivyo hivyo mpaka wimbo ukaisha.

Saa nilizokaa pale mpaka leo sijui kama nilikuwa macho au nimelala. Mchana wa joto, mvua juu ya mabati ya kichochoro, sauti ya msichana anayeimba lugha tusiyoijua sote wawili, na mwanga unapita kwenye makaratasi ya plastiki ya maboksi na kutembea ukutani, waridi, buluu, waridi. Ayi alininunulia kikombe changu peke yangu, chenye mfuniko, akakitenga na vyombo vyake vyote bila mimi kumwambia lolote kuhusu nguruwe. Nilisali adhuhuri kati ya kuta mbili zile. Wakati mwingine nikifumba macho nilijiona niko Unguja, nikiyafumbua niko Guangzhou, na baina ya hapo kulikuwa na mahali pa tatu ambapo sikuwa na kazi wala umri. Nilikuwa na furaha. Naliandika wazi kwa sababu watu wa mizigo hatuna mazoea ya kuliandika.

Macho ya Ayi yalikuwa yanafifia, na hilo nililijua nisilijue. Mteja akitaja kitu, alikwenda akanyosha mkono, mkono ukakichukua. Nilidhani ni mazoea ya muuzaji hodari tu. Sikufikiri kwamba hasomi tena migongo ya maboksi.

Kisha akapata kiharusi. Akalazwa, na ufunguo akaniachia mimi niangalie duka na niendelee kuchukua oda za Mama Farida. Alilala hospitali wiki tatu. Nilikwenda kumtazama, maneno mengine yalikuwa yamempotea, akawa anaitazama bilauri na kulikosa jina lake. Niliumia, nikataka nimfanyie kitu cha wema. Na wema wa mtu wa mizigo mnaujua.

Nilipangua duka lote. Nilifuta vumbi, nikatandika karatasi mpya, halafu nikapanga kwa umbo na uzito: yale maboksi makubwa kama mikebe ya biskuti chini, membamba juu, ili asiinamie wala asiinue kizito. Nikaona pia si haki kuwatenga ndugu, nikazileta CD za Kijapani za kila kundi zikakaa pamoja na zile za Kikorea, familia moja rafu moja. Nikabandika stika za rangi kwa idadi ya nyimbo. Nilipomaliza duka lilipendeza kama kontena lililojaa bila pengo, nikajisifu peke yangu kwa sauti. Laiti mngeniona.

Aliletwa na binti yake siku ya Jumapili. Binti, mwanamke mwerevu mwenye huruma iliyochoka, alikuwa tayari anataka mama yake ahamie kwake, na alimleta ili aage. Ayi aliingia, akanusa hewa, akacheka kidogo. Mteja mmoja wa zamani akamwomba mini-albamu fulani. Ayi akaenda ukuta wa dirishani, akanyosha mkono wa kulia, mkono ukakuta kitu kingine. Akajaribu chini yake. Akajaribu pembeni. Kisha akasimama, mkono ukabaki hewani mbele ya rafu, na uso wake ukawa wa mtu aliyeamka nyumba ya wageni. Binti akasema taratibu, "Mama, umechoka. Twende nyumbani." Akamshika bega.

Hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Nilimwambia binti kwamba mama yake hajapotea, nimempoteza mimi, nimehamisha vitu vyote. Hakuniamini sana, alidhani namtetea. Lakini alikubali kumrudisha Jumapili inayofuata. Alisema kwa uwazi kabisa, asije akalaumiwa: mama akiweza kuwapa watu wanachokitaka, abaki na duka lake, asipoweza, wanafunga.

Ofisini nikaaga kwamba naumwa, na kweli nilikuwa naumwa. Nikashusha kila kitu sakafuni. Picha sikuwa nimepiga hata moja. Nilichokuwa nacho ni daftari, lile nililofundishwa na Mtanga wangu, limeandikwa miaka yote: dirishani, rafu ya tatu kutoka juu, mkono wa kushoto, ngazini, rafu ya pili, karibu na msumari. Mungu amrehemu mtu yule. Somo lake la kwanza lilinivunjia nyumba, la pili likanipa matofali ya kuijengea tena.

Daftari lilinifikisha nusu. Vitu ambavyo sikuwahi kuvichukua havikuwemo, na hivyo ilinibidi nivielewe. Kanuni ya Ayi nilikuwa naijua kwa kuikariri, kama mtoto anayesoma asichokifahamu. Sasa nikakaa sakafuni na kila boksi mapajani nikiliuliza wewe nani. Hili zito kama paketi ya unga, nyimbo tano: mini, dirishani, hata likijitutumua vipi. Hii nyembamba, nyimbo nne: angalia ubavuni, ina ule ukanda wa karatasi wanaoupenda Wajapani, basi ni singo, ngazini juu. Hii na hii zimeandikwa namba moja zote, kundi moja, sura zile zile zikitabasamu. Nilizishika zote mbili muda mrefu. Moja ilitoka kwao na nyingine walipohama, na walipohama walianza tena mwanzo kana kwamba hawakuwahi kuimba popote. Nikaikumbuka ile siku yangu ya viatu mkononi, mimi niliyekuwa mwalimu Unguja kabla ya kuja kushika selotepu. Nikaziweka kila moja na ukuta wake, nikalia, nikaendelea.

Jumapili wakaja. Ayi alikaa kwenye kigoda chake, binti akasimama mlangoni na mkoba begani kama mtu asiyekusudia kukaa. Mvua ilikuwa inanyesha hii hii. Akapanda msichana mwanafunzi, mwavuli unadondosha maji, akataja kundi la wasichana wa Korea, akasema anataka albamu yao ya kwanza. Mimi nilijua ziko wapi zote mbili. Nikajing'ata ulimi.

Ayi alinyamaza. Alinyamaza mpaka yule msichana akanitazama mimi, na binti akavuta mkanda wa mkoba. Maneno yalikuwa yanamjia Ayi kwa taabu siku zile, unayaona yakipanda. Kisha akauliza:

"Ya kwanza ya wapi?"

Msichana akasema ile ya Japani. Ayi akainuka, akaupa mgongo ukuta wa dirishani, akatembea mpaka ngazini, akashusha mkono wa kulia kwenye rafu za chini bila kutazama. Mkono ukaichukua. Akaigeuza, akapapasa ule ukanda wa karatasi kwa kidole gumba, akampa.

Binti akavua mkoba akauweka juu ya meza, akauliza mlango ule mzito nani atakuwa anaunyanyua. Nikasema mimi. Sikuuliza mpaka lini, naye hakusema.

Basi ndiyo hayo. Wiki ijayo nitakuwa Unguja, kwenye mtaa ambao watoto hawanijui na wakubwa wananikumbuka mwembamba. Nitaanza namba moja tena, kwenye ukuta mwingine. Naogopa kidogo, na usingizini nasikia mvua hii juu ya mabati.

Ufunguo nimeuacha kwenye droo ya mizani. Pangeni zamu wenyewe, ni dakika ishirini tu kwa mtu. Mlango uunyanyue kwa mikono miwili, na upande wa kulia uupige teke dogo chini kwanza kwa sababu unang'ang'ania. Washeni taa, subirini mpaka Ayi apande ngazi, kisha nendeni kazini. Kikombe chenye mfuniko kiacheni pale pale.

Jana nilimwambia kwamba naondoka, na kwamba kutoka Jumapili atakuja mtu mwingine kufungua. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho. Akaniuliza jambo moja tu, kama huyo mtu anajua kutogusa. Nikamwambia nitawaandikia. Nami nimewaandikia.